Uamuzi, hukumu, amri na tuzo: Baraza limeamua nini hasa kuhusu kiwanja cha marehemu baba yenu?

Msomaji wetu mmoja wa Morogoro ameniandikia kuhusu kiwanja alichoacha baba yao, aliyefariki mwaka 2016. Jirani amekuwa akikimega kidogo kidogo, na ndugu walipokaa kikao cha ukoo walimteua yeye asimamie mali za marehemu. Alikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akafungua maombi kwa jina lake mwenyewe. Upande wa jirani uliweka pingamizi la awali, ukidai kwamba mleta maombi hana haki ya kisheria ya kudai mali ya marehemu. Baada ya pande zote mbili kusikilizwa juu ya pingamizi hilo, mwenyekiti alisoma karatasi zenye kichwa "Uamuzi", zinazoishia hivi: "Kwa sababu hizo, pingamizi la awali linakubaliwa, na maombi haya yanaondolewa barazani. Kila upande utabeba gharama zake." Tangu siku hiyo jirani anatangaza mtaani kwamba hukumu imetoka na kiwanja amepewa yeye, na ameshaleta mafundi wa kujenga uzio. Ndugu mmoja anasisitiza rufaa ikatwe ndani ya siku 45, mwingine anataka shauri lianzishwe upya, na wa tatu anasema mambo yamekwisha kwa sababu kesi "imetupwa". Msomaji anauliza uamuzi, hukumu, amri na tuzo vinatofautianaje, na kama ameshindwa au hajashindwa.

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi. Jirani yako hajapewa kiwanja. Katika karatasi ulizonitumia hakuna hata mstari mmoja unaosema kiwanja ni cha nani, na Baraza halikuwa limefika mahali pa kuliuliza swali hilo. Kilichoamuliwa ni kwamba mtu aliyesimama mbele ya Baraza hakuwa na sifa ya kudai mali hiyo. Umezuiwa mlangoni, na aliyezuiwa mlangoni anaweza kurudi akiwa na kibali. Haya yote nimeyasoma katika yale maneno machache ya mwisho, na ndiyo maana nitakaa nayo kwa muda kabla ya kugusa mengine.

Neno "linakubaliwa" ndilo lililompa jirani yako ujasiri, kwa kuwa analielewa kana kwamba yeye ndiye aliyekubaliwa. Kilichokubaliwa ni pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotolewa mapema ili kuonyesha kwamba shauri halistahili kusikilizwa kwa namna lilivyoletwa. Mipaka ya pingamizi la namna hii iliwekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1969, katika shauri la Mukisa Biscuit lililotoka Uganda, na hadi leo mahakama za Tanzania, Kenya na Uganda zinalirejea: pingamizi la awali lazima liwe hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi kuthibitishwa. Kwa hiyo Baraza lilipolikubali pingamizi hili halikusikiliza shahidi wa mpaka, halikwenda kuona kiwanja, wala halikupima mkataba wa mauziano. Haiwezekani limpe mtu ardhi kwa njia hiyo.

Neno la pili ni "yanaondolewa", na hapa ndipo hatima ya madai yenu ilipo. Sheria inatofautisha shauri lililoondolewa na shauri lililotupwa, ingawa magazeti na redio zetu huyaita yote "yaliyotupiliwa mbali". Shauri huondolewa linapokuwa na kasoro inayolifanya lisiweze kusikilizwa: limefunguliwa na mtu asiye na sifa, limeletwa mahali pasipo na mamlaka, au limekosa nyaraka ambazo sheria inazitaka. Aliyeondolewa shauri lake anaweza kurekebisha kasoro na kurudi, ilimradi muda wa kisheria haujapita. Shauri hutupwa pale madai yenyewe yanapopimwa na kuonekana hayana msingi, au yanapokuwa yamechelewa mno kisheria, na kwa kawaida aliyetupiwa shauri hana ruhusa ya kulifungua upya baina ya watu walewale juu ya jambo lilelile. Njia yake ni rufaa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililifafanua jambo hili katika shauri la Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, lililotoka kusini mwa nchi yetu. Ilieleza kwamba rufaa isiyo na sifa huondolewa, kwa kuwa hakuna kitu cha kutupa pale ambapo mahakama haikuwa na jambo halali mbele yake. Iliongeza neno ambalo mawakili huliegemea sana: linalotazamwa ni kiini cha kilichofanyika kuliko neno lililotumika. Kwa hiyo hata kama mwenyekiti wako angeandika "yanatupwa", bado ungekuwa na hoja nzito ya kusema kwamba kwa kiini chake maombi yako yaliondolewa, maana hayakusikilizwa. Bahati nzuri ameandika sawasawa.

Sasa nije kwenye maneno uliyoyataja, nikianza na uamuzi na hukumu. Kila hukumu ni uamuzi, lakini si kila uamuzi ni hukumu. Uamuzi ni neno pana. Mtu huamua asubuhi avae nini, familia huamua mtoto asome wapi, na mahakama huamua mambo mengi njiani kabla ya kufika mwisho wa shauri: kama shahidi fulani asikilizwe, kama nyaraka ipokelewe, kama shauri liahirishwe, kama pingamizi lina uzito. Katika lugha ya mahakama, karatasi yenye kichwa "Uamuzi", ambayo wengine huiita "uamuzi mdogo", kwa kawaida hutolewa juu ya jambo moja la njiani. Hukumu hutolewa baada ya pande zote kuleta ushahidi, na humaliza mgogoro wenyewe. Kanuni za mabaraza ya ardhi za mwaka 2003 zinaeleza vizuri sana hukumu inavyopaswa kuwa: iwe fupi, iandikwe kwa lugha nyepesi, na iwe na maelezo mafupi ya mgogoro, majibu ya hoja zilizobishaniwa, uamuzi, na sababu za uamuzi huo. Ningependa kila mwenyekiti aibandike kanuni hiyo ukutani. Ukiipima karatasi yako kwa kipimo hicho utaona haina majibu ya hoja ya nani mmiliki, kwa sababu hoja hiyo haikufikiwa.

Hata hivyo, usikisujudie kichwa cha karatasi. Kuna maamuzi yenye kichwa "Uamuzi" yanayomaliza shauri kabisa, kwa mfano pale Baraza linapoona kwamba madai yamepitwa na wakati na kuyatupa. Tofauti hii ina matokeo makubwa kwa anayetaka kukata rufaa, kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2002 uamuzi wa njiani usiomaliza shauri haukatiwi rufaa hapa Tanzania. Unasubiri shauri liishe, kisha unaingiza lalamiko lako katika rufaa moja. Watu wengi wamepoteza miaka kwa kukatia rufaa uamuzi mdogo, wakati shauri lenyewe limelala kwenye jalada.

Uhusiano kati ya uamuzi na sababu zake unaonekana vizuri katika jambo ambalo Waswahili wote wa Afrika Mashariki walilifuatilia. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti. Siku ile majaji walisoma uamuzi, kwa kuwa Katiba ya Kenya inawapa siku 14 tu za kusikiliza na kuamua shauri la namna hiyo. Hukumu kamili yenye sababu ilisomwa tarehe 20 Septemba. Katika zile wiki za katikati uamuzi ulikuwa na nguvu kamili, ingawa hakuna aliyekuwa ameiona hoja moja moja ya majaji. Nguvu ya kisheria huanza uamuzi unapotamkwa, lakini rufaa na mjadala wa maana huhitaji sababu, na ndiyo maana nitakusisitiza hapa chini uombe nakala.

Amri ni kile ambacho mahakama inaagiza kifanyike au kisifanyike. Ndani ya hukumu moja mnaweza kuwa na amri kadhaa: mdaiwa abomoe ukuta, alipe fidia, alipe gharama za shauri. Amri pia hutolewa peke yake kabla ya hukumu, kama amri ya zuio la muda inayomtaka mtu asijenge mpaka shauri liishe. Katika karatasi yako mna amri mbili tu, ya kuondoa maombi na ya kila upande kubeba gharama zake. Hakuna amri inayomruhusu jirani kujenga, na hakuna inayokuamuru wewe uondoke. Naomba uwasomee ndugu zako mistari hiyo kwa sauti.

Tuzo huwachanganya watu kwa sababu tumezoea kusikia tuzo za wanamuziki na wachezaji. Katika mashauri ya madai, tuzo ni hati inayotolewa kutokana na hukumu, ikieleza kwa ufupi nani amepata nini dhidi ya nani. Hukumu inaweza kuwa ya kurasa ishirini, na tuzo yake ikawa ya ukurasa mmoja. Ni lazima ilingane na hukumu, na ikitofautiana nayo hurekebishwa. Aliyeshinda huitwa mshinda tuzo, aliyeshindwa huitwa mshindwa tuzo, na pale mshindwa anapokaidi, mshinda huomba kukazia hukumu, yaani mahakama iitekeleze kwa nguvu, ndipo dalali wa mahakama anapoweza kuja na barua ya kumtoa mtu kwenye nyumba. Neno hilohilo hutumika katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Mwamuzi wa Tume hutoa tuzo, na asiyeridhika ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu. Sasa muulize jirani yako kwa upole akuonyeshe tuzo yake. Hatakuwa nayo, na asiye na tuzo wala amri inayotekelezeka hana cha kukazia. Ujenzi anaoufanya anaufanya kwa hiari yake mwenyewe na kwa hatari yake mwenyewe.

Naona pia kwamba neno hukumu limewatia hofu wazee wa ukoo wenu kwa sababu nyingine. Katika mazungumzo ya kila siku hukumu ni adhabu: fulani "amehukumiwa miaka mitano". Katika kesi za jinai kuna hatua mbili ambazo lugha ya mtaani huziunganisha. Kwanza mahakama huona kama mshtakiwa ana hatia, na ikimwona nayo humtia hatiani, kisha husikiliza maombi yake ya kupunguziwa adhabu na kuipanga. Hatua hizi zinaweza kuachana kabisa. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji kunakiuka Katiba. Walioleta shauri hilo hawakutoka gerezani, kwa kuwa kutiwa kwao hatiani kulibaki palepale. Walirudishwa Mahakama Kuu wasikilizwe upya juu ya adhabu peke yake. Vilevile anayeachiwa huru baada ya mahakama kuona kwamba hana hatia hayuko sawa na yule ambaye upande wa mashtaka umeiondoa kesi yake. Wa kwanza hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, ilhali wa pili anaweza kurudishwa kizimbani sheria ikiruhusu. Shauri lako ni la madai, si la jinai. Hakuna aliyetiwa hatiani na hakuna adhabu inayokungoja, kwa hiyo wazee watulie.

Nirudi kwenye chanzo cha kasoro, kwa sababu nacho ni suala la kujua ni uamuzi upi una nguvu gani. Kikao cha ukoo kilikuteua, mkaandika muhtasari, mkasaini, na ukaamini umeshakuwa msimamizi wa mirathi. Kikao kile kilifanya jambo zuri na la lazima kimila, lakini kilichotoka pale ni azimio, yaani makubaliano ya waliokutana. Azimio huonyesha nia ya kundi, na ili liwafunge watu wa nje huhitaji chombo chenye mamlaka kulitia nguvu. Hata Azimio la Arusha la Februari 1967, pamoja na uzito wake wote katika historia yetu, lilikuwa azimio la chama, na benki zilitaifishwa kwa sheria zilizopitishwa na Bunge mwezi huohuo. Kwa mali ya marehemu, chombo hicho ni mahakama. Muhtasari wa ukoo ni pendekezo linalopelekwa mahakamani, na mahakama ndiyo inayoteua. Mpaka iteue, hakuna mtoto, mjane wala kaka mkubwa anayeweza kusimama kudai au kudaiwa kwa niaba ya marehemu, hata kama ukoo mzima umemuunga mkono.

Umegusia pia kwamba mjomba wenu alimwendea shehe, akapewa maelezo ya mafungu ya urithi, na sasa anayaita "hukumu ya dini". Maelezo ya shehe au mufti ni fatwa, nayo ni jibu la mtaalamu wa dini kwa aliyeuliza. Mwenye imani huliheshimu, lakini halina dalali wa kulitekeleza. Zanzibar na Kenya zina mahakama za kadhi zinazotambuliwa na sheria, na kadhi akihukumu mirathi ya Waislamu ndani ya mamlaka yake, hukumu hiyo ni ya mahakama. Kwa Tanzania Bara, mirathi ya Kiislamu na ile ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na hakimu ndiye anayetoa amri huku akiitumia sheria hiyo. Kwa hiyo yale mafungu aliyoyaeleza shehe mnaweza kuyapeleka mahakamani kama mwongozo wa mgawanyo, baada ya msimamizi kuteuliwa.

Kuhusu hatua zenu, yule ndugu anayesema shauri lianzishwe upya ndiye aliye karibu zaidi na haki. Siku 45 alizozitaja mwenzake ni za kweli, maana ndizo anazopewa asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu. Lakini rufaa ni ya mtu anayeamini kwamba Baraza limekosea. Kama ungekuwa umeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi ikawa ndani ya jalada, na mwenyekiti asiione, ningekuambia ukimbie leo. Kwa hali ilivyo, Baraza limesema kweli, na rufaa itakula muda na fedha ili kukuthibitishia jambo ambalo tayari unalijua.

Chukua ule muhtasari wa kikao, cheti cha kifo na majina ya warithi wote, uende Mahakama ya Mwanzo ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu, ukafungue maombi ya usimamizi wa mirathi. Tangazo litatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukishateuliwa utakuwa na miezi 4 ya kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, na kiwanja hiki kiandike humo, ukieleza kwamba kina mgogoro. Kisha rudini Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua nani mwenye ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linatoa hati inayowafungulia njia ya kwenda Baraza la Wilaya. Ile hati ya kwanza ya Baraza la Kata, uliyokwenda nayo Baraza la Wilaya, ilitolewa wakati ulipokuwa huna sifa, kwa hiyo ningependa usuluhishi urudiwe ukiwa msimamizi, hata kama kuna watakaokwambia si lazima. Ni gharama ndogo kuliko kukutana na pingamizi jingine la awali.

Msikawie. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ambayo marehemu aliishikilia hadi kufa kwake, hesabu huanzia siku ya kifo. Baba yenu alifariki 2016, kwa hiyo miaka hiyo inaishia 2028, na usithubutu kuhesabu kwamba muda uliopotea kwenye shauri lililoondolewa utafidiwa wenyewe. Madai yatakayofika baada ya hapo hayataondolewa tena. Yatatupwa, kwa maana ile kamili niliyoieleza, na mlango hautakuwepo.

Wakati huohuo omba nakala ya uamuzi iliyogongwa muhuri wa Baraza, nenda nayo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, umsomee amri zile mbili, na umwombe aandike kwenye kumbukumbu zake kwamba jirani anajenga ilhali hakuna hukumu iliyompa ardhi. Piga picha za uzio na za mahali mpaka ulipokuwa. Siku utakapofungua maombi mapya, fungua pamoja nayo maombi ya zuio la muda ukiambatisha picha hizo. Na mahali pa jina la mleta maombi usiandike tena jina lako tupu: andika jina lako, kisha maneno "msimamizi wa mirathi ya marehemu", na jina kamili la baba yako kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, halafu ambatisha barua ya uteuzi kama kielelezo cha kwanza.